Koti Lisilo na Mgongo

Mpendwa Mama Odile,

Kwa huzuni kubwa, na kwa heshima yote inayostahili msiba wa namna hii, Studio Odile ya Kikula, mjini Likasi, inawatangazia ndugu, jamaa, wateja na majirani kifo cha Koti Jeusi, kilichotokea nyumbani baada ya kuugua mgongo kwa muda mrefu. Marehemu ameacha mjane mmoja, tai nyekundu, na yatima wawili, kola za shati zisizo na shati. Maua yasiletwe. Mwenye unga alete unga.

Hilo ndilo tangazo nililolitoa mtaani. Kila aliyeuliza nimemwambia panya wamelila. Watu wamenipa pole nyingi kuliko kwenye misiba mingine ya binadamu ninayoijua. Mwalimu mmoja alisimama mlangoni pa studio, akavua kofia, akasema, "Lile koti njo lilinipatia kazi." Katekista akataka kujua kama lilikufa kwa amani. Nikamjibu kwamba panya hawakuniambia.

Lakini wewe sitakudanganya. Kwanza hukuwahi kudanganyika, hata nilipojitahidi. Pili, koti lilikuwa lako kuliko langu, tangu siku ile uliposhika makasi. Nitakueleza kilichotokea kweli, ila nitaanzia mbali. Wewe ulikuwa hupendi habari inayofika kabla ya kusafiri.

Siku ya ndoa yetu unaikumbuka. Najua unaikumbuka kwa sababu hukuacha hata mwaka mmoja upite bila kunikumbusha. Nilikuwa kijana mwenye kamera moja na kiburi cha mwenye kamera tatu. Kisimba, rafiki yangu na mshindani wangu katika kazi hii, alikuja amejipaka mafuta hadi masikioni, kamera shingoni, akajitolea kutupiga picha bure. Nikamkatalia. Nikasema kamera yake inakata watu vichwa. Nitapiga mwenyewe, nikasema, maana kamera yangu ilikuwa na kile kitufe cha kujipiga: unakivuta, kinalia kama nyuki kwenye chupa, unakimbia kusimama mahali pako, nacho kinafyatuka.

Kumbe kitufe kilikuwa na tabia zake. Mara kinangoja kama padri anayesubiri waumini, mara kinafyatuka kabla hujageuka. Nilikimbia siku nzima, kutoka kwenye kamera kwenda kwako, kutoka kwako kwenda kwenye kamera, jasho linanitoka ndani ya koti jipya. Picha zilipotoka, moja ilikuwa na kiatu changu. Moja ilikuwa na kitu cheusi kinachopita mbio, na mama yako aliapa ni mbuzi. Na ile nzuri kuliko zote, ile tuliyoitundika ukutani, ni wewe peke yako mbele ya pazia: shela, maua, mkono wa kushoto umeukunja, vidole vimeshika kiwiko ambacho hakijafika. Unatabasamu ukitazama mahali ambapo mimi ningekuwapo.

Wateja walikuwa wakiuliza, "Mama huyu aliolewa na nani?" Ukawajibu bila kuinua macho kwenye kufuma kwako, "Na pazia."

Tulisema tutapiga nyingine, sisi wawili. Mpiga picha akisema atapiga picha yake mwenyewe, ni sawasawa na mshona viatu kusema kesho atashona vyake. Nimepiga ndoa za mji huu, nikapiga ubatizo wa watoto wa ndoa hizo, nikaanza kupiga ndoa za watoto hao. Wewe na mimi hatumo pamoja katika picha hata moja.

Sasa koti. Nililinunua kwa Mgiriki mwenye duka mjini kwa ajili ya ndoa yetu hiyo: sufu nyeusi, bitana inayong'aa. Baada ya ndoa likaanza kazi. Mtu alikuja kupiga picha ya kadi ya kazi na shati lake la mtamboni, mimi namwazima koti, anatoka kwenye picha kama mkurugenzi. Habari zikaenea. Mji mzima ukawa unataka kupigwa ndani ya koti. Mpaka akaja yule muuza nyama wa soko la Kikula, ambaye Mungu alimbariki mwili. Mikono iliingia. Mabega yakakataa. Akabaki hivyo, mikono juu nusu, kama mtu aliyekamatwa na askari. Nikamwomba atoe pumzi. Akasema, kwa sauti ndogo sana kwa mtu mkubwa vile, "Baba, pumuzi yote nilishatoa."

Ulitoka jikoni na makasi. Sikupata hata nafasi ya kufungua kinywa. Ulianzia chini ukapanda hadi karibu na kola, kraaa, na ile sauti niliisikia kwenye uti wangu wa mgongo. Nililia, Mama Odile. Nilisema hilo ni koti la ndoa yangu. Ukanitazama kama unavyomtazama mtoto anayelilia jino bovu.

"Picha haina mugongo, Baba Odile."

Ukaenda kwenye kamba ya nguo, ukarudi na vibanio vya kuanikia, ukalibana koti mgongoni kwake kwa kadiri ya mwili wake. Muuza nyama akakaa, akainua kidevu, akatoka waziri.

Tangu siku hiyo koti likamtosha kila mtu. Mwembamba tulimfunga kwa nyuma, mnene tulimwachia upepo. Na vibanio vilipokosa nguvu, wewe mwenyewe ulichuchumaa nyuma ya kiti, ukakusanya kitambaa ndani ya ngumi, ukakishikilia mpaka niseme basi. Nikizitazama picha zile leo, nazijua siri zake. Nyuma ya kila mheshimiwa wa Likasi kuna Mama Odile amechuchumaa, amejizuia kucheka.

Wakati huo bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Shituru lilikuwa bado linafanya kazi, na nguo zetu kwenye kamba zilinuka asidi. Tulilalamika. Sasa bomba limenyamaza, hewa ni safi kabisa, na hatuna nguo za kuanika. Vibanio vilikosa kazi kwenye kamba kama wanaume wengi wa mtaa wetu, ila vyenyewe vilikuwa na bahati ya kupata kazi nyingine mgongoni.

Halafu ukaja mwaka wa stesheni. Huo sitauchezea sana. Majirani zetu ambao wazazi wao walitoka mkoa wa Kasai waliambiwa warudi kwao, na wengi wao kwao kulikuwa hapa, nyumba ya tatu kutoka yetu. Walilala stesheni na magodoro na sufuria, wakingoja gari moshi lisilojulikana litakuja lini. Ukasema tuchukue kamera na koti twende. Nikakuambia huu si wakati wa picha. Ukanijibu ukiwa tayari umefunga kitambaa kichwani.

"Banaenda bila nyumba. Baende hata na sura."

Tukaenda. Akina baba walisimama mmoja mmoja kwenye ukuta wa stesheni na familia zao, kila mmoja ndani ya koti lile lile. Vibanio tulivisahau nyumbani, mimi ndiye niliyevisahau, kwa hiyo ulishikilia kwa mkono, baba baada ya baba, mpaka vidole vikakufa ganzi. Mwalimu wa hesabu wa binti yetu Odile alipofika zamu yake alikuwa anatetemeka, hawezi kusimama sawa. Nilikusikia ukimwambia kutoka nyuma yake, "Mwalimu, weye tetemeka tu. Koti miye niko nalishika." Akacheka. Picha yake ni hiyo, anacheka. Aliondoka nayo.

Baada ya hapo filamu zikaadimika, kama sukari, kama mishahara. Ndipo sisi wapiga picha tukaingia kwenye dini ya flashi kavu. Wewe unaijua, lakini huenda siku moja wengine wakaisoma barua hii, niwaeleze. Una filamu fupi na ndoa ndefu. Maarusi unawapiga kweli, wazazi unawapiga kweli, keki, kama ipo, unaipiga kweli. Halafu shangazi wanajipanga, na majirani wa shangazi, na kila mmoja amesuka nywele kwa ajili yako. Huwezi kuwafukuza. Unawapiga flashi tupu, kamera haina kitu, wanaondoka wanang'aa. Kuna kijifundo cha kurudishia filamu upande wa kushoto wa kamera: filamu ikiwemo, kinazunguka kila unapovuta mkono wa kamera. Isipokuwemo, kimetulia kama mzee aliyeshiba ugali wake wa bukari. Hicho hakitazamwi na mtu, ila mpiga picha mwenzako.

Wewe uliziita baraka. Ulisema hata padri anainua mkono mtupu, na watu wanaenda nyumbani na furaha.

Kisha ukaugua, ule msimu wa mvua nzito. Wengine wangeagana kwa maneno makubwa. Wewe ulituita, Odile na mimi, ukatuambia wapi umeficha chumvi. Halafu ukanishika mkono wa shati.

"Nikikosa ku ndoa ya Odile, weye usikose. Uingie mu picha. Usibaki nyuma ya kamera sawa muntu aliiba."

Nikasema sawa. Ukanilazimisha nirudie, kama katekisimu. Nikarudia. Nitaingia kwenye picha. Sitabaki nyuma ya kamera. Ulipotosheka ukageukia ukutani ukalala, na siku chache baadaye ukatuacha.

Kwa hiyo Odile alipomleta nyumbani Ngoy, kijana wa biashara ya mawe ya madini ya Kamatanda, mpole, mcha Mungu, wa kanisa lile ambako wanasali kana kwamba Mungu yuko ng'ambo ya mto, mimi sikuwaza mahari wala wakwe. Niliwaza picha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilihitaji mpiga picha.

Nikamwendea Kisimba. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama kamera yake imeacha kukata watu vichwa. Nikamwambia miaka hii imenipunguza, hata kichwa hakijabaki cha kukata. Akakubali, akasema ataagiza filamu Lubumbashi.

Mavazi sasa. Nguo zangu nzuri zilikuwa zimekwenda sokoni moja moja na kurudi nyumbani zikiwa unga. Lilibaki koti, kwa sababu koti ndilo lililokuwa likitulisha. Utauliza kwa nini sikulishona mgongo kwa siku hiyo. Kulishona kwa mwili wangu kungekuwa kuifunga studio; Jumatatu walikuwa wanakuja walimu wa shule nzima, wa kila unene. Basi asubuhi ya ndoa nikasimama mbele ya kioo, msichana wa jirani akanibana vibanio, nikajitazama. Kwa mbele nilikuwa bwana harusi mwenyewe, hata tumbo la uzee halikuwapo. Nikajisemea maneno yako: picha haina mgongo.

Hapa ndipo lazima unielewe, usinicheke bado. Katika ndoa zote nilizopiga, mimi nasimama karibu na altare, kisha natembea kinyumenyume mbele ya bibi harusi. Baba wa bibi harusi anakuja kwangu kifua mbele, tai, machozi, kila kitu. Miaka yote hiyo sijawahi kuona mgongo wa baba wa bibi harusi. Naapa sikujua kama wanao.

Nilijua kanisani, mlangoni, kwaya ilipoanza. Odile alinishika mkono wa kuume. Alikuwa mzuri, Mama Odile, kiasi kwamba sitajaribu kukuelezea; ungekuwapo ungesema shela imekaa upande. Tukaingia. Mabenchi yamejaa huku na huku, ndugu zetu kushoto, watu wa Ngoy kulia, na kila benchi tulilolipita lilianza kunong'ona nyuma yetu, kama upepo ndani ya mahindi makavu. Nikadhani ni kumsifu Odile.

Nikasikia tak. Nikajua: Kisimba amefika, huyo anapiga. Nikatabasamu upande wa kushoto. Tak nyingine. Nikatabasamu upande wa kulia, na kidevu nikakiinua, kama nilivyowafundisha watu maisha yangu yote. Nikamtafuta mbele, karibu na altare, mahali panapomstahili mpiga picha. Hayupo. Tak ya tatu, na papo hapo ubaridi wa Juni ukaniingia mgongoni kote, kutoka kiunoni hadi shingoni.

Haikuwa kamera. Vilikuwa vibanio, vinafyatuka kimoja kimoja na kuanguka kwenye sementi.

Kwaya ikachagua wakati huo kuvuta pumzi. Katika ule ukimya, shangazi mmoja wa Ngoy, mama mwenye sauti iliyozoea kuita wateja sokoni, akasema kwa mshangao wa kweli, "Baba ya bibi harusi iko na mabawa."

Kicheko kilianzia benchi la nyuma. Kikapita kulia kwa watu wa Ngoy, kikaruka njia, kikawapata ndugu zetu. Padri akainamia kitabu chake, na kitabu kikatikisika. Nikasimama katikati ya kanisa, koti limefunguka huku na huku, shati limejulikana kwamba nalo lina kiraka. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nigeuke. Nitembee kinyumenyume hadi altare, ndio mwendo wangu, ndio kazi ninayoijua. Nilikwisha kuanza kugeuka kweli.

Odile akaachia mkono wangu. Nikajua ananiacha, na nikaona ana haki. Halafu nikahisi ngumi, hapa katikati ya mabega, inakusanya kitambaa, inavuta mpaka koti likafunga kifuani.

"Baba, tembea tu. Niko nakushika."

Sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka. Naijua sauti hiyo. Nimeisikia miaka mingi ikitoka nyuma ya kiti.

Wakati huo huo mwanga mweupe ukawaka nyuma yetu. Sikuujali, nilidhani mtu amefungua mlango. Tukatembea hivyo hadi altare, mimi kifua mbele, binti yako maua mkono mmoja na baba mkono wa pili, na kanisa zima likicheka na kupiga makofi, Wakatoliki na wale wengine, kwa sauti moja. Ngoy alinipokea akiwa na machozi mashavuni. Mpaka leo hataki kusema yalikuwa machozi gani. Katekista aliokota vibanio akanirudishia, amevifunga kwenye leso kama masalia ya mtakatifu.

Ndipo Kisimba akatokea mbele, ametota jasho. Mnyororo wa baiskeli ulimkatikia mtaa wa Panda, alikuwa akitoka ndoa nyingine. Akaanza kazi. Pete, flashi. Baraka, flashi. Akaniweka karibu na Odile, akainua kamera, nami nikainua kidevu, na jicho langu, ambalo halina adabu, likaenda kwenye kile kijifundo cha kushoto.

Kimetulia.

Nikamtazama Kisimba. Kisimba akanitazama. Akainua unyusi mmoja tu, kama tunavyofanya sisi wa kazi hii. Flashi kavu, Mama Odile. Mimi, baba wa bibi harusi, nimepangwa pamoja na shangazi. Nifanye nini? Nikaweka pozi. Hakuna shangazi wa Likasi aliyewahi kupozi kwa kamera tupu kama nilivyopozi mimi. Nilitabasamu, niliweka mkono mfukoni, niligeuza shavu langu zuri. Lakini nilikuwa nimekuahidi kitu kimoja. Nimeingia kwenye picha, na picha yenyewe haipo.

Kwenye karamu nilikula sombe na samaki nikicheka na kila mtu, na watu wakaja mmoja mmoja kunisifia mabawa. Kisimba hakunikaribia. Alikunywa munkoyo wake kwenye kona, akaondoka akikokota baiskeli.

Alikuja studio baada ya siku kadhaa, na bahasha. Hakukaa. Aliniambia filamu ya Lubumbashi haikufika, na kwenye kamera alikuwa amebaki na kipande cha picha moja tu, mkia wa ile ndoa ya asubuhi. Alikuwa amejiapiza kukitunza kwa ajili ya altare, kwa ajili ya sura yangu na ya Odile.

Nikamuuliza basi kimekwenda wapi.

"Nilifungua mulango," akasema, "nikaona mukono wa Mama Odile."

Akatazama ukutani, kwenye picha yako, muda mrefu kidogo kwa mtu mwenye haraka. Kisha akapata nafuu, akawa Kisimba tena. Akasema nizingatie kwamba kichwa hakikukatika, na kwamba tangu zamani yeye alishaona upande wangu wa nyuma ndio wenye sura. Akaenda zake.

Nikafungua bahasha. Ni njia ya kanisa, mabenchi, nyuso zote zimegeuka na zote zinacheka. Katikati kuna migongo miwili. Mmoja ni shela. Wa pili ni mimi: visigino vilivyolika, koti limepasuliwa, shati la kiraka linaonekana chini ya ufa. Na juu ya ufa, ngumi ya Odile, kifundo cha mkono kimekunjwa vile vile, kidole gumba kimewekwa juu vile vile. Hatukumfundisha. Atakuwa alikuona.

Sasa ukweli wa koti, kama nilivyoahidi. Hakuna panya. Panya wenyewe wamehamia kwa wenye unga. Kesho yake baada ya Kisimba kuleta picha, walimu wawili waliosalia tangu Jumatatu walikuja, nikalishusha koti kwenye msumari ili niwavalishe, na mkono ukanikatalia. Nikawaambia limeliwa. Walipoondoka nikatafuta sindano yako, nikalishona mgongo mwenyewe, kwa mwili wangu. Mshono umepinda kama reli ya miaka hii, ungeuona ungeufumua wote. Lakini limenikaa. Limenikaa kama siku ya ndoa yetu. Njaa ni fundi cherehani, hapimi mara mbili. Wanaotaka koti nawaelekeza kwa Kisimba, ambaye amepata moja la mitumba lenye vifungo vya dhahabu. Lina mgongo, maskini. Muuza nyama ameshalijaribu, nasikia yuko mikono juu. Kwangu wanakaa na mashati yao wenyewe, na tumegundua sura ni zile zile.

Ulisema picha haina mgongo. Ulikosea mara moja, na nimeona nikutumie habari, kwa sababu nafasi ya kukusahihisha ni adimu kuliko filamu.

Hiyo picha nimeitundika ukutani karibu na ile yako, upande ule ulipokunja mkono. Nimezisogeza mpaka fremu zimegusana. Jana alikuja mama mmoja mgeni kupiga mtoto wake, akaitazama yako, akaanza kuuliza lile swali. Halafu akaona ya pili, akanitazama, akaona koti nililovaa.

"Aah," akasema. "Kumbe njo weye. Ulichelewa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nakimbia, kitufe kikafyatuka mapema.

Nimefika, Mama Odile. Nimegeuza mgongo, nimepasuka, nimeshikwa na mtoto. Lakini nimo.

Lala vizuri. Chumvi bado iko pale pale ulipoificha. Odile alitaka kwenda nayo kwake, nikamkatalia.

Mbuzi wako wa siku ya ndoa,

Baba Odile